Kiwanja Kilichouzwa Mwenyewe Hayupo

Pita mitaa ya Dar es Salaam, hutakwenda mbali kabla ya kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni atashangaa, kwani nani kauliza? Mwenyeji hashangai. Anajua humo ndani kuna kesi: kaka kauza bila dada zake kujua, au tapeli kawaonyesha wateja wawili hati ile ile. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kiwanja, wiki iliyofuata nikaenda kukisafisha, nikakuta mafundi wa mtu mwingine wanachimba msingi. Simu ya yule dalali haipatikani mpaka leo.

Labda ndiyo maana kila nikisoma jinsi Marekani ilivyotoka kwenye majimbo 13 ya mashariki ikafika Pasifiki kwa muda usiofika miaka 70, akili yangu haiendi kwa wale wapanda farasi wa kwenye filamu. Inakwenda kwenye karatasi za mauziano. Bunduki zilikuwepo, tena nyingi, lakini mara nyingi zilikuja kulinda karatasi iliyokwisha kusainiwa mahali pengine na watu wengine.

Chukua mwaka 1803. Rais Thomas Jefferson alikuwa anautaka hasa mji mmoja, New Orleans. Mazao ya wakulima wa ndani yalishuka kwa mto Mississippi na kutokea pale, kwa hiyo aliyeushika mji ule alikuwa ameshika koo la nchi. Wajumbe wake huko Paris, Robert Livingston na James Monroe, walikuwa na idhini ya kutumia kama dola milioni 10. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akawaambia wachukue Louisiana yote, eneo lenye mji huo ndani yake, kwa milioni 15. Ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, Tanzania mbili na zaidi, kwa takriban senti 3 ekari. Fedha zenyewe Marekani haikuwa nazo. Hati zake za mkopo zilipitia benki za Baring ya London na Hope ya Amsterdam, ambazo ndizo zilizompatia Napoleon fedha taslimu. Yaani benki ya London inamtafutia Napoleon fedha wakati Uingereza inaingia naye vitani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mchapaji kakosea.

Sasa tazama muuzaji. Ufaransa ililipata eneo hilo kwa makubaliano na Hispania ya mwaka 1800, na ilikuwa imeahidi kutolihamishia taifa jingine. Siku mkataba wa mauzo unasainiwa, tarehe 30 Aprili 1803, maofisa wa Hispania bado ndio walikuwa ofisini New Orleans. Makabidhiano yalifanyika Novemba 30: bendera ya Hispania ikashushwa, ya Ufaransa ikapanda, ikapepea siku 20 tu, kisha nayo ikashushwa ili ya Marekani ipande. Na mipaka? Livingston alimuuliza Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, eneo linaishia wapi hasa. Jibu alilopewa ni kwamba waziri hawezi kumwelekeza. Wamepata biashara nzuri, na bila shaka wataitumia wawezavyo. Aliyewahi kutembezwa porini na dalali wa viwanja anaijua sauti hiyo. "Kuanzia pale kwenye mwembe mpaka… kule."

Kwa nini Napoleon aliuza? Hapa ndipo vitabu vingi hupita haraka, na ndipo mimi ningekaa muda mrefu zaidi. Aliitaka Louisiana iwe ghala la chakula cha mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, koloni tunaloliita leo Haiti. Watumwa wa kule walikuwa wameinuka tangu 1791. Mwishoni mwa 1801 akapeleka jeshi kubwa chini ya shemeji yake, Leclerc, kwenda kuwanyoosha. Vita na homa ya manjano vikalimaliza jeshi lile, Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802. Bila Haiti, ghala la nini? Toussaint Louverture, aliyewaongoza watu wale, alikamatwa akafungwa kwenye ngome baridi katika milima ya Ufaransa, akafia humo tarehe 7 Aprili 1803. Siku 23 baadaye Louisiana ikauzwa. Marekani ilipata nusu ya ukubwa wake mpya kwa damu ya watu weusi waliokataa utumwa, na shukrani yake ikawa kukaa hadi 1862 bila kuitambua Haiti kuwa nchi.

Na wenye nchi? Waosage, Wapawnee, Walakota na wengine wengi, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, hakuna aliyewaita mezani. Kilichonunuliwa Paris kilikuwa haki ya kuwa mnunuzi pekee, kwamba hakuna dola nyingine ya Ulaya itakayokuja kupanda bei. Mwaka 1823 Mahakama Kuu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, ikaliweka hilo kisheria: wenyeji wana haki ya kukalia ardhi, lakini wakitaka kuuza wauze kwa serikali tu. Mteja mmoja, bei yake.

Kabla ya haya yote Marekani ilikuwa imekwisha kuandaa kamba ya kupimia. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya magharibi ikatwe miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na kipande namba 16 kiachwe kwa ajili ya shule. Wapimaji walianzia kwenye ukingo wa mto Ohio wakiwa na mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Milima, mito, makaburi ya watu, mnyororo ulipita tu. Mpaka leo, ukiruka na ndege mchana juu ya Kansas au Nebraska, unaona chini nchi iliyochorwa kama daftari la hesabu.

Sheria ya 1787 ndiyo ninayoiona kuwa ya werevu kuliko zote: eneo jipya likifikisha wakazi huru 60,000 linaweza kuomba kuwa jimbo, sawa kabisa na majimbo ya zamani. Dola za Ulaya ziliweka makoloni yakaja kuziasi. Hawa waliwapa walowezi wao kiti mezani, wakakosa sababu ya kuasi. Sheria hiyohiyo iliahidi kwamba wenyeji watatendewa kwa nia njema na ardhi yao haitachukuliwa bila ridhaa yao. Kumbuka hilo neno ridhaa, maana ndilo lililoliwa na mchwa.

Wacherokee, taifa la wenyeji wa kusini-mashariki, walijaribu kucheza kwa kanuni za mgeni. Sequoyah aliwabunia maandishi ya lugha yao, wakatunga katiba mwaka 1827, na mwaka uliofuata wakaanzisha gazeti lao. Walikwenda mahakamani wakashinda, mwaka 1832. Haikusaidia. Rais Andrew Jackson alikuwa na sheria yake ya 1830 ya kuwahamisha watu ng'ambo ya Mississippi, na jimbo la Georgia lilikuwa linaitamani ardhi yao. Desemba 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kikasaini mkataba wa kuuza ardhi yote ya mashariki kwa dola milioni 5. Chifu wao mkuu, John Ross, hakusaini. Maelfu ya watu wake waliandika kupinga. Seneti ikaupitisha kwa kura moja tu juu ya kiwango kilichotakiwa.

Hapo sihitaji kumweleza Mswahili yeyote. Kila ukoo una binamu wa namna hiyo, aliyekwenda mjini na nakala ya hati akarudi na pikipiki. Tofauti ni kwamba hapa mnunuzi alikuwa na jeshi. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani mwao, wakawafungia kambini, kisha wakawaswaga kuelekea Oklahoma ya leo. Kati ya watu wapatao 16,000, inakadiriwa 4,000 walikufa.

Ardhi iliyoachwa na mataifa ya wenyeji wa kusini, kuanzia Georgia hadi Mississippi, ikajaa pamba iliyolimwa na watumwa. Pamba ya kusini ikasokotwa na kufumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na kitambaa kikapakiwa melini Salem kuja Unguja, ambako Sayyid Said alikuwa amesaini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ndiyo ile merikani, ambayo misafara iliitumia kama fedha mpaka Tabora na Ujiji. Neno tumelibeba hadi leo bila kuuliza pamba ile ilitoka shambani kwa nani.

Meksiko nayo ilipigwa vita mwaka 1846, na tarehe 2 Februari 1848 ikasaini kuachia California na eneo kubwa la kaskazini yake kwa dola milioni 15. Siku tisa kabla, fundi mmoja alikuwa ameokota dhahabu kwenye mfereji wa kinu huko California. Waliokaa mezani hawakujua. Ningekuwa mjumbe wa Meksiko, habari zilipofika ningelia.

Mwaka 1862 ikaja sheria ya kugawa ekari 160 kwa yeyote atakayejenga nyumba na kulima miaka mitano. Husimuliwa kwamba wengine walijenga kijumba cha inchi 12 kwa 14 kisha wakaapa kuwa nyumba ni "12 kwa 14". Banda la kushikia kiwanja, kumbe si ubunifu wetu.

Mwisho kuna Black Hills, milima mitakatifu ya Walakota. Mkataba wa 1868 uliwaachia, na ukasema hakuna sehemu itakayotolewa bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Dhahabu ikaonekana mwaka 1874. Zilipokusanywa sahihi, ilipatikana kama moja ya kumi tu, na mwaka 1877 Bunge likaichukua milima hivyo hivyo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ilikubali kwamba walidhulumiwa, ikaamuru walipwe zaidi ya dola milioni 100 pamoja na riba. Walakota na ndugu zao wa kundi la Sioux wamekataa kuzichukua. Fedha ziko kwenye akaunti ya serikali, riba imezifikisha zaidi ya dola bilioni moja, na hifadhi wanamoishi ni miongoni mwa maeneo maskini kuliko yote nchini humo. Wao wanasema hawakuwahi kuuza.