Ukoloni si tarehe tu

Nimesoma makala inayolalamika kwamba shuleni ukoloni hufundishwa kama orodha ya tarehe. Nakubaliana na mwandishi wake kwamba somo hilo lisiishie kwenye kukariri Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, ingawa simlaumu mwalimu, kwa kuwa mtihani wenyewe ndio unaodai tarehe. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 aelezwe pia kuwa wananchi walikuwa wakilazimishwa kulima pamba, na kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kisha apewe ramani, aitazame reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na aulizwe ilijengwa ibebe nini kwenda bandarini, na kwa faida ya nani.