Mgeni Asiyefikishwa Siku ya Tatu: Halingi ya Kerry

Mwezi Juni mwaka 2022 nilikuwa miongoni mwa watazamaji katika uwanja wa Austin Stack Park, mjini Tralee, Kerry ilipoikaribisha Wexford katika mchezo wa halingi. Juma moja tu lilikuwa limepita tangu vijana wa Kerry wapoteze fainali ya Kombe la Joe McDonagh, mashindano ya ngazi ya pili, kule Croke Park, Dublin, kwa tofauti ndogo kuliko zote: Antrim magoli 5 na pointi 22, Kerry magoli 4 na pointi 24. Kwa kuwa goli moja huhesabiwa pointi tatu, jumla ilikuwa 37 kwa 36. Walioingia uwanjani siku ile ya Tralee walikuwa bado hawajapona, si miguu wala mioyo, na Wexford, timu iliyozoea ngazi ya juu, iliwashinda kwa tofauti kubwa mno. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alisubiri mpaka filimbi ya mwisho, akakikunja taratibu kijitabu cha majina ya wachezaji, akakitia mfukoni na kuondoka bila kusema neno. Nimeishi katika kaunti hii ya kusini magharibi mwa Ayalandi muda wa kutosha kuujua ukimya ule. Ni ukimya wa watu wanaoipenda timu yao na wanaofahamu kwamba ratiba haikuitengenezea njia.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, halingi huchezwa na watu 15 kila upande, kwa magongo ya mti wa ashi yaliyochongwa bapa kwenye ncha na mpira mdogo wa ngozi uitwao sliotar. Ukipita chini ya mwamba wa goli ni goli. Ukipita juu yake, kati ya nguzo mbili, ni pointi. Chama cha Michezo cha Kigaeli, GAA, kilichoasisiwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884, ndicho kinachousimamia, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Hakuna mchezaji anayelipwa mshahara. Mwalimu, fundi seremala, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mwanafunzi wa chuo hukutana jioni mazoezini, hata mvua ikinyesha, na asubuhi kila mmoja huenda kazini kwake.

Urithi huo umeshikwa na mikono michache. Hadi mwisho wa mwaka 2025, ubingwa wa Ayalandi nzima ulikuwa umeshindaniwa na kupata mshindi mara 138, na mara 95 kati ya hizo ulikwenda kwa kaunti tatu tu: Kilkenny 36, Cork 30 na Tipperary 29. Kisiwa kina kaunti 32. Zilizowahi kuwa bingwa ni 12, mbali na London, ambayo Waayalandi wake waliutwaa ubingwa wa mwaka 1901. Tangu Offaly ilipolinyanyua kombe kwa mara ya kwanza mwaka 1981, hakuna kaunti mpya iliyojiunga na orodha hiyo, na hilo ni zaidi ya miaka 40.

Kerry imo katika orodha hiyo kwa ajili ya ubingwa mmoja wa mwaka 1891, ulioletwa na vijana wa Ballyduff, kijiji kilicho karibu na mlango wa mto Shannon, walipoishinda Wexford baada ya muda wa nyongeza. Wakati huohuo, katika mpira wa miguu wa Kigaeli, ule unaoruhusu pia kutumia mikono, Kerry ina ubingwa 39, kuliko kaunti yoyote nyingine. Mwaka uleule wa 2022 ambapo wacheza halingi walirudi kutoka Dublin wakiwa wamepungukiwa na pointi moja, wenzao wa mpira wa miguu walirudi na kombe, na kaunti nzima ikajaa bendera za kijani na dhahabu. Nilifurahi pamoja nao. Lakini rangi za bendera ni zilezile, na najua timu ipi iliyokuwa ikihitaji zaidi kupepewa.

Anayesema kwamba Kerry hawana halingi hajafika kaskazini mwa Tralee. Ballyduff, Lixnaw, Causeway, Abbeydorney, Kilmoyley, Ballyheigue, Ardfert: vijiji hivi vimekaa karibukaribu kiasi kwamba mtu mwenye gari anaweza kuvipitia vyote kwa alasiri moja, na katika kila kimoja utamkuta mtoto akiupiga mpira ukutani kwa gongo lililomzidi kimo. Kusini kuna Kilgarvan, yenye historia yake yenyewe ya mchezo huu, na Kenmare. Zaidi ya hapo ni mpira wa miguu. Kwa hiyo timu ya kaunti huteuliwa kutoka klabu takriban nane za daraja la juu, na wengi wa vijana haohao wanacheza mpira wa miguu pia. Kijana mwenye kipaji katika michezo yote miwili hahitaji kushawishiwa ili aelekee upande wenye mataji 39. Jirani, shule na mapenzi ya kaunti nzima vinamsukuma huko kabla hajafikisha miaka 16.

Hata hivyo vipaji hutokea. Shane Conway wa Lixnaw alikuwa mmoja wa nguzo za Chuo Kikuu cha Cork, UCC, kilipotwaa Kombe la Fitzgibbon, mashindano ya vyuo, mwaka 2019 na 2020, akiwa katikati ya vijana waliolelewa katika kaunti kubwa za halingi, na hakuna aliyemwona kuwa pungufu. Wenzake wa chuoni walirudi majumbani mwao kucheza mbele ya maelfu ya watu katika mashindano ya mkoa wa Munster. Yeye alirudi kwenye ngazi ya pili. Tofauti kati yao ilikuwa mstari wa mpaka wa kaunti.

Watu wa hapa wakitaka kukueleza jambo hili hukurudisha mwaka 1993. Mwezi Mei mwaka ule, katika mashindano ya Munster, Kerry ilikwenda ugenini Waterford na kushinda, magoli 4 na pointi 13 dhidi ya magoli 3 na pointi 13. Waterford waliumia, lakini hakuna aliyesema waondolewe Munster. Walibaki mezani, wakaendelea kukutana kila kiangazi na Cork, Tipperary, Limerick au Clare, wakafungwa, wakajifunza, na kuanzia mwaka 2002 hadi 2010 wakachukua ubingwa wa Munster mara nne. Wamefika fainali ya Ayalandi mwaka 2008, 2017 na 2020. Najua kwamba Waterford ilikuwa na ubingwa wa taifa wa 1948 na 1959, na kwamba vijana wake wa chini ya miaka 21 walikuwa mabingwa wa taifa mwaka 1992. Sidai kwamba kaunti hizi mbili zilikuwa sawa kwa kila kitu. Ninachodai ni kwamba mmoja aliyeshindwa siku ile alipewa miaka thelathini ya kujirekebisha akiwa miongoni mwa wakubwa, na aliyeshinda hakupewa. Ngazi za chini zilipopangwa upya mwaka 2005, Kerry haikuwa tena miongoni mwa kaunti 12 zilizowania Kombe la Liam MacCarthy, kombe la ubingwa wa Ayalandi nzima.

Ngazi hizo zina mantiki yake, nami sizipingi. Chini ya Kombe la Liam MacCarthy kuna la Joe McDonagh, lililoanza mwaka 2018, kisha la Christy Ring, la Nicky Rackard na la Lory Meagher. Zimezipa kaunti ndogo fainali zao wenyewe ndani ya Croke Park, na Kerry yenyewe ilitwaa Kombe la Christy Ring mwaka 2011 na 2015. Jambo moja hunigusa kila ninapoyasoma majina hayo: McDonagh alikuwa wa Galway, Ring wa Cork, Rackard wa Wexford, Meagher wa Kilkenny. Hata makombe ya wanyonge yamepewa majina ya watu wa kaunti zenye nguvu. Walistahili heshima hiyo, lakini mtu wa Antrim, wa Down au wa Kerry aliyeubeba mchezo maisha yake yote bila kutarajia ubingwa naye alistahili kombe moja kati ya manne.

Linaloniuma zaidi ni kilichowangoja juu ya ngazi. Kerry ilifika fainali ya Joe McDonagh miaka mitatu mfululizo: 2020 ikashindwa na Antrim, 2021 na Westmeath, 2022 na Antrim tena. Kwa kanuni za wakati ule, Antrim au Westmeath wakishinda, walipanda moja kwa moja kuingia mashindano ya mkoa wa Leinster, na timu ya mwisho ya Leinster ikashuka. Kerry, kwa kuwa iko Munster, ingetwaa kombe na bado ingelazimika kucheza mechi ya mchujo dhidi ya timu ya mwisho ya Munster. Mwaka 2022 timu hiyo ilikuwa Tipperary, mabingwa wa taifa wa mwaka 2019. Kaunti mbili zinacheza fainali moja, uwanja mmoja, mbele ya refa mmoja, na zawadi si moja. Nimejaribu kutafuta namna ya kuiita hali hiyo haki, sijaipata.

Wahenga wa Kiswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia msemo huo kumhimiza mgeni afanye kazi, lakini una upande wa pili: kupewa jembe ni kukubaliwa kuwa mtu wa nyumbani. Kaunti zilizo nje ya wakubwa hazifikishwi siku ya tatu. Mwaka 2019 Laois ilishinda Kombe la Joe McDonagh na juma lililofuata ikaishinda Dublin, ushindi uliotikisa nchi. Mwaka 2023 Westmeath, ikiwa ugenini Wexford na ikiwa imeachwa nyuma kwa pointi 17, ilirudi na kushinda magoli 4 na pointi 18 kwa magoli 2 na pointi 22. Mwisho wa msimu Westmeath ikashuka daraja hata hivyo. Mwaka 2024 Carlow ilitoka sare na Kilkenny, nayo ikashuka. Kila mara kaunti hizi huonyesha kwamba zinaweza, kisha zinaambiwa zirudi chini zikaanze upya, na kocha, wachezaji na wafadhili waliokusanywa kwa taabu wanatawanyika.

Hoja ya upande wa pili naiheshimu, maana niliiona kwa macho yangu Tralee. Kufungwa kwa tofauti kubwa kila Jumapili hakumjengi mtu, na wapo vijana walioacha mchezo kwa sababu hiyo. Lakini kinachozuia vipigo vile ni miaka ya malezi, na malezi huhitaji muda unaojulikana. Tazama Offaly. Ilishushwa kutoka ngazi ya juu mwaka 2018, ikashushwa tena mwaka 2019 mpaka Kombe la Christy Ring, kaunti yenye ubingwa wa taifa mara nne. Ikarudi kwa watoto wake. Mwaka 2024 vijana wake wa chini ya miaka 20 waliishinda Tipperary na kuwa mabingwa wa Ayalandi, na mwezi huohuo timu ya wakubwa ikatwaa Kombe la Joe McDonagh.

Mwaka 2023 lilitolewa pendekezo ndani ya GAA la kuziondoa kaunti tano, Cavan, Fermanagh, Leitrim, Longford na Louth, katika Ligi ya Taifa ya halingi kwa kuwa zina klabu chache, ili fedha zielekezwe kwenye malezi ya mchezo. Wachezaji walipinga vikali na pendekezo likaondolewa. Nilipolisoma nilimfikiria Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Iraki, aliyefika Carrick-on-Shannon, katika kaunti ya Leitrim, mwaka 2002 akiwa na miaka 11, bila kujua neno la Kiingereza wala gongo ni nini, na ambaye mwaka 2019 alikuwa katika kikosi cha Leitrim kilichotwaa Kombe la Lory Meagher pale Croke Park. Mimi pia nimekuja nchi hii kutoka mbali, na najua kuvikwa jezi ya mahali ulipo kuna maana gani. Kijana wa Leitrim anashika gongo kwa sababu kuna timu ya kaunti ya kuitamani. Ukiiondoa timu, hizo fedha za malezi utamlea nani nazo?

Ninayoyaomba kwa ajili ya Kerry na wenzake hayahitaji miujiza. Timu inayopanda ibaki juu kwa miaka mitatu bila tishio la kushushwa. Bingwa wa Joe McDonagh akitoka Munster, aingie Munster kama wengine wanavyoingia Leinster. Fainali isifuatwe juma moja baadaye na mechi ya mtoano dhidi ya timu ya juu iliyopumzika. Na shule za kusini mwa kaunti zipewe magongo na makocha wa kudumu, kwa sababu magongo huvunjika na bei yake si ndogo kwa mzazi mwenye watoto watatu, hasa tangu ugonjwa wa miti ya ashi, uliogunduliwa nchini mwaka 2012, uifanye mbao hiyo kuwa adimu.

Katika fainali za 2023, 2024 na 2025 Kerry haikuwamo. Siku ile ya Juni 2022, mechi ilipokwisha, watoto waliruhusiwa kuingia uwanjani, wakaanza kupigiana mipira mbele ya goli ambalo timu yao ilikuwa imetoka kuangamizwa. Aliyekuwa na miaka kumi kati yao atafikisha 18 mwaka 2030. Ningependa atakapoitwa kikosini akute mechi za Munster zimeshaandikwa kwenye ratiba, Cork, Clare, Limerick, Tipperary, Waterford, za mwaka huo na za miaka miwili itakayofuata.