Niko Kikaoni

Dar es Salaam watu husingizia foleni. Hapa Dodoma tunasingizia kikao. Ni uongo mtamu kwa sababu mara nyingi ni kweli: mji huu unaishi kwa vikao, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa mjini, hata muuza chipsi wa Area C akikwambia yuko kikaoni utamwamini. Simu inazimwa, ujumbe unalala bila jibu, na wa nyumbani hana la kuuliza.

Mimi nimeutumia kwa miaka saba. Sikuwa na mchepuko, niseme mapema, maana najua mawazo yenu yameshafika gesti. Nilichokuwa nacho ni kiwanja.

Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo baada ya tangazo la Julai 2016, ofisi yetu ilifuata mwaka uliofuata. Nilikuja na begi na godoro, nikapanga chumba Nkuhungu. Mke wangu alibaki Dar na watoto wawili na cherehani yake, kwa sababu za shule, na kwa wasiwasi wa chinichini ambao wengi tulikuwa nao, kwamba huenda tutarudishwa. Kwenda nyumbani kulikuwa kilomita kama 450 za basi, siku inaishia njiani. Basi ndoa yetu ikahamia kwenye simu. Na kwenye simu mtu anasikia sauti tu, salari slipu haioni.

Mwaka 2019 nilichukua mkopo wa benki, ule unaokatwa juu kwa juu, nikanunua kiwanja upande wa Nala. Ndiyo ilikuwa homa ya mji. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilikuwa imevunjwa Mei 2017 na mambo ya viwanja yakaenda halmashauri. Ofisini kila meza ilikuwa na mtu anayepimiwa au anayetafutiwa. Nyumbani nikasema makato yameongezeka. Yalikuwa yameongezeka kweli. Nilichomeza ni nani aliyeyaongeza.

Nia ilikuwa njema. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naamini sisi tunaoficha kwa nia njema tunaharibu zaidi kuliko waongo wa wazi. Mwongo wa wazi anajua anachofanya na usingizi unamkatika. Mimi nilikuwa najisifu. Nikilala najiona mume wa maana, nimebeba mzigo peke yangu, na iko siku nitamwambia mama watoto fumba macho. "Sikutaka kumtia presha," ndivyo nilivyowaambia wenzangu, nao wakatikisa vichwa, maana kila mmoja ana lake. Kuna mwenye mkopo wa kausha damu. Kuna anayemtumia mama yake hela za dawa kila mwezi na mkewe hajui. Dada mmoja ana michezo miwili ya kupeana, mumewe anaujua mmoja. Ukiwasikiliza wote utadhani ofisi nzima ni ya madaktari wa moyo.

Desemba 2024, shule zimefungwa, mke wangu akaja. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kufika Dodoma tangu Julai ya mwaka huo, kwa hiyo kisingizio changu cha umbali nacho kilikuwa kimekufa. Kutoka stesheni nikampakia bajaji moja kwa moja hadi Nala. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, tope limeganda viatuni. Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa imefika lenta. Nikasimama pembeni, nimeshika simu nimpige picha akishangilia.

Akazunguka chumba kwa chumba, halafu akauliza:

"Ulinunua lini?"

"2019."

"Mwezi wa ngapi, baba?"

"Wa nane."

Akanyamaza. Kisha akasema, polepole, kama anasoma risiti, "Cherehani niliuza mwezi wa kumi."

Sikuwa najua kama iliuzwa. Mwaka ule aliniambia imeharibika, iko kwa fundi, na mimi kwa akili zangu sikuwahi kuuliza fundi gani anakaa na cherehani miaka mitano. Aliiuza kwa ajili ya ada ya mkubwa wetu, kwa kuwa mume kasema makato yameongezeka. Naye hakutaka kunitia presha. Wazee husema mficha uchi hazai. Sisi tulishazaa, tukaanza kufichana baadaye.

Picha sikupiga.

Swali lake la pili lilikuwa hati ina jina la nani. Jina langu, bila shaka. Usiku ule nilijitetea kwamba mali ya ndoa ni ya wote, nikaja kujua baadaye kwamba sheria haijakaa kirahisi hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huhesabiwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Kweli ipo kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango wakati wa kugawana mali. Lakini huko ni kugawana baada ya ndoa kuvunjika. Mke wangu hakuwa anaulizia mahakama. Alitaka kujua kama nilipokuwa najaza ile fomu alinipitia kichwani.

Hakunipitia. Nilimwambia hivyo, na ndilo jibu la kwanza la kweli nililompa siku hiyo.

Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kigogo ambaye ukimwamkia "mbukwa" anakuhesabu ndugu, nilipomsimulia alicheka. Zamani, akasema, mali ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hafichiki: kila jioni wanarudi zizini, mke anawaona, hata jirani anawahesabu. Siku hizi mali inaingia kwenye simu, imelia mara moja tu. Halafu, kwa kuwa ni mzee mkweli, akaongeza kwamba hata enzi hizo walikuwepo waliowapa marafiki ng'ombe wawafugie mbali, wasionekane. Kwa hiyo ugonjwa si mpya.

Sisemi watu waropoke kila kitu. Wapo wanaojiita wakweli kumbe wanapenda tu kuumiza, na sina haja ya kuambiwa mboga ina chumvi mbele ya wageni. Ninachosema kinahusu mambo ambayo mwenzako atayafanyia hesabu. Ukimnyima namba sahihi, hesabu yake itatoka na cherehani.

Sasa kila mwisho wa mwezi namtumia salari slipu, naye ananitumia daftari la matumizi, limepigwa picha likiwa na madoa ya mafuta. Jina lake tunaliingiza kwenye hati. Kuhamia Dodoma bado anasema atafikiria.

Wiki iliyopita alipiga nikamwambia niko kikaoni. Nilikuwa kikaoni kweli, na maji ya chupa mezani. Akaniambia nipige picha ya meza nimtumie.

Nikapiga.