Nirudishieni waya wangu

Kibodi yangu ya zamani ilianza kufa kwa herufi moja tu, na katika herufi zote ikaichagua A. Anayeandika Kiingereza akipoteza Q anaweza kumaliza wiki hajagundua. Sisi wa Kiswahili ukitunyang'anya A umetufunga mdomo: kwa, na, ya, wa, haya, basi, samahani, vyote kwaheri. Hata hiyo kwaheri yenyewe. Siku tatu nzima niliishi kwa kunakili A moja kutoka kwenye barua ya zamani, kisha kila nikiihitaji nabana Ctrl na V. Neno "hawajaandaliwa" peke yake lilinila mara sita. Na ole wangu nikijisahau nikanakili kitu kingine, maana A imepotea, rudi tena kwenye ile barua ukaitafute.

Siku ya nne nikanunua mpya. Isiyo na waya, kwa sababu nilitaka meza ipendeze. Hilo kosa ni langu, nalikiri mapema ili mtu asije kunisimanga huko chini.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo isiyo na neno hata moja, michoro mitupu: mkono, kibodi, kompyuta inayotabasamu. Mlikuwa pia na waya mfupi, na nilipouona moyo ukatulia. Nikajisemea, mambo ya hewani yakinishinda nitachomeka waya na maisha yaendelee. Nikachomeka. Kitaa cha kibodi kikawaka vizuri tu. Nikaandika. Skrini kimya. Nikachomoa, nikageuza tundu, nikachomeka upya. Kimya. Nikaenda kuchukua waya wa printa, ambao najua kwa hakika unapitisha data, bahati nzuri kichwa chake kikaingia. Bado kimya. Kumbe waya ni wa kuchajia betri, basi. Kibodi yenyewe haitaki kusema kupitia waya.

Hapa naomba mniache niseme mpaka nimalize. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Yaani mtu alikaa akabuni kibodi, akaitoboa tundu, akaweka na waya kwenye boksi, waya unaotoka kwenye kibodi mpaka kwenye kompyuta, umeme unapita kila siku, halafu akaamua herufi zisipite humo. Herufi zirushwe hewani, zipite juu ya meza, ziingie kwenye kompyuta ileile ambayo waya umeshafika! Ni kama mtu umjengee daraja hadi mlangoni kwake, kisha umwambie daraja ni la mizigo, yeye aogelee. Na kibodi si spika wala mapambo ya meza. Spika ikigoma unaishi bila muziki ukiwa unatafuta dawa. Kibodi ndiyo mdomo wako mbele ya mashine. Ikigoma huna hata cha kuandikia hiyo shida unapotafuta msaada.

Haya, tuogelee. Nikabana Fn na kitufe cha Bluetooth mpaka taa ikaanza kupepesa. Kwenye orodha ya kompyuta vikatokea vifaa saba, ikiwemo televisheni ya mtu nisiyemjua, na kibodi yangu ikajiita kwa herufi na namba zisizofanana na kitu chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Nikaichagua kwa kubahatisha. Kompyuta ikaniletea tarakimu sita niziandike kwenye kibodi mpya. Nikaziandika. Nikasubiri. Muda ukaisha. Ikaleta sita nyingine, nikaandika, nikasubiri, muda ukaisha. Mara ya tatu ndipo nikabonyeza Enter kwa hasira, wala si kwa akili, ikakubali. Hakuna mahali popote palipoandikwa "kisha bonyeza Enter". Mara ya pili, kumbe, nilikuwa natumia zile namba za pembeni na Num Lock imezimwa, kwa hiyo sikuwa naandika namba, nilikuwa nautembeza mshale mahali pasipo na maandishi.

Hata hivyo iliunganika. Nikaandika A. Nikaandika AAAAAA mstari mzima, kama mtoto. Nikaifunga ile ya zamani kwenye mfuko wa taka, nikalala mtu mwenye furaha.

Asubuhi nikawasha kompyuta.

Diski yangu imefungwa kwa nenosiri, na linaombwa mapema kabisa, kabla mfumo endeshi wa kompyuta haujaamka. Bluetooth nayo kwenye kompyuta yangu huamka pamoja na mfumo. Sijui kama mmeniona nilivyokaa. Mfumo hauwezi kuamka mpaka niandike nenosiri. Siwezi kuandika nenosiri mpaka kibodi iunganike. Kibodi haiunganiki mpaka mfumo uamke. Nilibonyeza vitufe vyote. Kile kialama kikabaki kinapepesa kwenye kisanduku kitupu, kinanisubiri, kina subira kuliko mimi.

Nikaenda kwenye mfuko wa taka. Nikaitoa ile ya zamani, nikaifuta, nikaichomeka. Ikatambuliwa papo hapo, bila tarakimu sita, bila taa kupepesa. Nenosiri langu lina A mbili. Na hapo kabla ya mfumo kuamka hakuna cha kunakili wala pa kunakilia.

Zamani tulikuwa tukizicheka kompyuta zilizosema kibodi haionekani, bonyeza F1 kuendelea. Ubonyeze kwa kutumia nini? Tulicheka sana. Zile angalau ukichomeka kibodi ukawasha upya, mchezo umekwisha. Tundu lile la duara la kuchomekea kibodi lililokuja na kompyuta za PS/2 za IBM mwaka 1987 lilikuwa na kasoro zake: pini zilipinda ukilazimisha, na ilibidi uchomeke kabla ya kuwasha. Halafu USB ya kwanza ikaja mwaka 1996, na baada ya muda tukafika mahali ambapo unachomeka kibodi yoyote kwenye kompyuta yoyote na inaandika. Tulikuwa tumefika jamani! Nani alilalamika?

Aliyeniokoa ni jirani. Alinikopesha kibodi yake ya waya, nzito, imejaa vumbi, herufi zimefutika nusu. Nikaandika nenosiri. Limekataliwa. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja. Limekataliwa. Kile kibodi kimechapwa kwa mpangilio wa Uingereza, na kompyuta yangu inasoma mpangilio wa Marekani, kwa hiyo alama ya @ niliyoibonyeza ilipoonekana kwenye kitufe iliingia kama alama ya kunukuu. Sikuweza kuiona kwa sababu nenosiri linaonyeshwa kwa vidoti. Vidoti! Niko peke yangu chumbani, wanamficha nani?

Kwenye mipangilio ya lugha nina kisa kingine, ila nitakikata. Baada ya kuingia, nikaona kompyuta imeamua yenyewe kwamba kibodi mpya ni ya Marekani "ya kimataifa". Kwenye mpangilio huo ukibonyeza kikato cha juu hakitokei, kinasubiri herufi inayofuata ili kiipandie kichwani. Andika ng'ombe uone. Unapata ngómbe. Ng'ambo inakuwa ngámbo. Nimeng'ang'ana naye huyo ngómbe saa nzima kabla ya kujua kwamba tatizo ni mpangilio na si kidole changu.

Wenye kupenda vitu visivyo na waya wataniambia ningenunua ile ya kipokezi kidogo cha USB. Ni kweli. Kipokezi kile kinajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida, kwa hiyo kinafanya kazi hata kabla mfumo haujaamka. Nakubali. Nakubali pia kwamba zile tarakimu sita zina kazi yake: mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba vipokezi vingi vya aina hiyo, visivyotumia Bluetooth, vingeweza kudanganywa na mtu aliye mbali vikapokea herufi zisizotoka kwenye kibodi yako. Sawa, usalama ni usalama. Ila ukinitaka nichague kati ya tarakimu sita na kipokezi kinachopotea chini ya kochi, nitakuuliza tena: na ule waya je? Uko hapa mkononi mwangu. Una ncha mbili. Mnanyima herufi njia kwa faida ya nani?

Meza imependeza, siwezi kukataa. Mgeni akija ataisifu.

Jirani amekuja jana kuuliza kibodi yake. Nilimpa, ningemwambia nini? Tangu hapo sijaizima kompyuta. Leo asubuhi imeniletea ujumbe kwamba kuna masasisho muhimu na inahitaji kujiwasha upya. Nimebonyeza "Baadaye".