Mwacheni acheze yote miwili, ila hesabuni saa

Kila msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, unapokaribia, walimu wa michezo wa sekondari za huku kusini huvutana juu ya watoto walewale. Binti ni GA, mshambuliaji tegemeo wa netiboli, na huyohuyo ndiye mfungaji wa timu ya mpira wa mikono. Kijana ni winga wa soka, na hakuna anayemfikia kwenye shimo la mchanga la kuruka chini. Mvutano ukizidi, mkuu wa shule anakata shauri: mwanafunzi mmoja, mchezo mmoja. Kuna shule Mtwara na Lindi ambako shauri hilo limeshakuwa sheria, ingawa hakuna aliyeiandika. Anayebisha anakumbushwa yule fisi na njia zake mbili.

Walimu wanaoutetea utaratibu huu si watu wabaya, na wana hoja. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili ana mtihani wa upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, na akishindwa anarudia darasa. Wa Kidato cha Nne ana mtihani wa kumaliza Novemba. Mwalimu wa taaluma akiona binti anatoka uwanjani saa 12 jioni siku sita mfululizo, halafu asubuhi anasinzia kwenye kipindi cha Hisabati, ana haki ya kuuliza. Wazazi nao wanauliza, kwa sauti kubwa zaidi.

Ninachopinga ni kumbebesha lawama hii mchezaji wa michezo miwili peke yake. Angalieni ratiba yetu ilivyo. Huku hatuna msimu wa mchezo huu na msimu wa mchezo ule kama Marekani, ambako mwanafunzi anacheza mpira wa Kimarekani majira ya vuli, anahamia kikapu baridi ikiingia, kisha riadha au besiboli. Kwetu kila kitu kinaangukia pamoja: shule, wilaya, mkoa, taifa. Mashindano ya taifa yalipofanyika hapa Mtwara mwaka 2019, na tena 2021, soka, wavu, netiboli, mikono na riadha vilichezwa ndani ya kipindi kimoja. Maana yake, anayecheza wavu tu na anayecheza wavu na kikapu wanaondoka shuleni siku moja, wanalala bweni moja kambini na wanarudi kwa basi moja. Vipindi walivyokosa ni vilevile. Anachopoteza zaidi mwenye michezo miwili ni jioni zake kabla ya kambi, na hizo zinahesabika.

Mwili ndio unaosemewa mengi bila hesabu. “Mtoto atachoka.” Mwaka 2015 madaktari wa Chicago walichapisha utafiti wao juu ya watoto na vijana zaidi ya 1,000, wenye umri wa miaka 7 hadi 18. Mtoto aliyekuwa na saa nyingi za michezo rasmi kwa wiki kuliko miaka ya umri wake ndiye aliyekuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya majeraha mazito yatokanayo na kiungo kutumika kupita kiasi. Miaka 14, saa 14. Miaka 16, saa 16. Wakaona pia kwamba waliojifunga kwenye mchezo mmoja waliumia zaidi, hata baada ya umri na saa kuingizwa kwenye hesabu.

Naing'ang'ania kanuni hii kwa sababu haiulizi mtoto anacheza michezo mingapi. Inauliza saa ngapi. Mchukueni binti wa miaka 16, Kidato cha Tatu. Netiboli Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 10 hadi saa 12 jioni. Mikono Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, muda uleule. Jumla saa 12, chini ya umri wake, na Jumapili anafua sare zake kwa raha. Sasa mchukueni kijana wa miaka 14 aliyeambiwa achague soka tu kwa sababu ana kipaji. Mazoezi saa mbili kila jioni kwa siku sita, ni saa 12. Mbio za alfajiri mara tatu, ongeza saa tatu. Mechi ya Jumapili na timu ya mtaani, saa mbili. Zimefika 17. Huyu ndiye tunayemsifu kwamba ametulia kwenye mchezo wake, na ndiye aliyevuka mstari.

Mkiingia kambini hesabu inaharibika kwa wote. Mazoezi saa mbili asubuhi na saa mbili jioni kwa siku sita ni saa 24, na hakuna mwanafunzi wa sekondari mwenye umri huo kwenye orodha ya timu. Hapo anayeongeza mchezo wa pili juu ya ule wa kwanza anaumia kweli, nakubali. Lakini mwenzake wa mchezo mmoja naye ameshapita kiwango siku nyingi, isipokuwa hakuna anayemtazama.

Tena kanuni ile haihesabu kilomita ambazo mtoto wa kijijini anatembea kwenda shule na kurudi, wala Jumamosi ya Oktoba shambani, mgongo umeinama tangu asubuhi, korosho inatenganishwa na bibo na kutupwa kwenye ndoo. Kwa hiyo kwetu idadi ya saa ingepaswa kuwa ndogo zaidi.

Nilimwona kijana mmoja wa wavu amekaa kwenye benchi la mbao, soksi imeshushwa hadi kwenye kifundo, anakibonyeza kinundu kigumu chini kidogo ya goti na kukunja uso. Mwalimu akamwambia ajichue, arudi. Kinundu cha namna hiyo kwa kijana anayerefuka mara nyingi ni pale mshipa wa goti unapovuta mfupa ambao bado unakua, na dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka. Kujichua hakumpunguzii mtu kuruka. Kijana huyo alikuwa na mchezo mmoja tu.

Ndiyo maana kwangu swali la “michezo mingapi” ni dogo kuliko la “michezo gani.” Wavu na kikapu vyote ni kuruka, hivyo goti halipati nafuu likihama kutoka uwanja huu kwenda ule. Wavu na kuruka chini, hali ni hiyohiyo. Soka na kurusha mkuki ni habari nyingine: bega linafanya kazi, miguu inapumua. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba kwa michezo mingi ni heri kuchelewa kujifunga kwenye mmoja hadi angalau miaka 15 au 16, na mtoto apate siku moja au mbili za kupumzika kila wiki. Kwetu umri huo ni Kidato cha Pili au cha Tatu. Sisi tunamlazimisha kuchagua Kidato cha Kwanza, akiwa ametoka shule ya msingi na netiboli pekee, kabla hajagusa mpira wa mikono wala kuuliza kama timu ya soka ya wasichana inahitaji beki. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya soka ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Binti aliyefungiwa kwenye netiboli akiwa na miaka 13 atajuaje kama alikuwa na miguu ya hivyo?

Na mchezo wa kwanza haupotei mtu akihamia wa pili. Hakeem Olajuwon alikulia Lagos akidaka soka na kucheza mpira wa mikono, na kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15. Alitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na Houston Rockets mwaka 1994 na 1995, na ile miguu yake myepesi chini ya ringi mwenyewe aliihusisha na michezo aliyotoka nayo nyumbani. Si kila mmoja ni Olajuwon, naam. Soka la ushindani nalo linataka mguso wa mpira tangu utotoni, na kijana wa Ruangwa anayeota kuvaa jezi ya Namungo anajua kuna wenzake Dar es Salaam wanaougusa kila siku. Kwa huyo, mchezo wa pili uwe wa pili kweli, wa kumjenga mwili na kumpumzisha akili.

Hoja inayonipa shida ni ya nafasi. Binti mmoja akiingia timu mbili za wilaya, kuna mwenzake anabaki nyumbani. Ila tuseme ukweli: mara nyingi anayempenda mchezaji wa timu mbili ni bajeti. Fedha ya halmashauri ikibana, kichwa kimoja kwenye basi kinachocheza michezo miwili ni nafuu, na shule iliyohubiri mchezo mmoja muhula mzima inasahau mahubiri yake wiki ya safari. Hapo utamwona binti amemaliza netiboli, anavua kizibao chenye herufi, anameza kipande cha muhogo wa kukaanga huku anavaa jezi ya mikono, filimbi ya pili imeshapigwa. Lawama ya uchovu wake ni ya aliyepanga mechi hizo asubuhi moja.

Chuoni nalegeza msimamo wangu, lakini si kwa wote. Huko mtu ni mzima, ana field, ana kazi za kukusanya, na mchezo ukishakuwa wa ushindani mkubwa unamtaka mzima mzima. Hata Marekani, ambako vyuo vimewekewa kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, Kyler Murray alicheza michezo miwili Chuo Kikuu cha Oklahoma, akachaguliwa na timu ya besiboli ya Oakland mwaka 2018, lakini mwisho akalazimika kuchagua: 2019 akaenda Arizona Cardinals, mpira wa Kimarekani. Kwa hiyo mwanachuo wa Stella Maris au wa TIA, chuo cha uhasibu, hapa Mtwara akiamua kubaki na mmoja, simlaumu.

Wa chuo cha ualimu ni tofauti. Akimaliza, huenda akapangiwa sekondari ya kata huko Nanyumbu au Liwale, afundishe Historia na Kiswahili, na siku ya pili akabidhiwe funguo za stoo ya michezo kwa sababu hakuna mwingine. Atakuta mipira miwili, mmoja hauna upepo, na timu nne zinamsubiri. Aliyecheza netiboli tu atafundisha netiboli, na timu nyingine zitacheza kwa kubahatisha. Kwake mchezo wa pili ni sehemu ya kazi aliyoisomea, na chuo kinachomkataza kinamnyima ujuzi atakaouhitaji wiki ya kwanza.

Kwa sekondari, ningeanza na daftari moja la kawaida, mwalimu mmoja alishike, na saa za kila mchezaji ziandikwe humo kila wiki, za timu zote pamoja na ile ya mtaani. Walimu wawili wakimgombania binti mmoja, walifungue kwanza kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule. Na Kidato cha Nne, kuanzia Agosti, namwachia mwalimu wa taaluma.