Kinga ya meno: wanaoikataa na wanaoitetea

Wachezaji wanaoikataa kinga ya meno, kile kifaa laini kinachovaliwa mdomoni kuyalinda meno yasivunjike mchezoni, wana sababu, na si za kubeza. Inawabana pumzi, maneno hayatoki vizuri wanapowaita wenzao uwanjani, wengine inawatia kichefuchefu. Kocha akigeuka tu, inatemwa na kuchomekwa kwenye soksi.

Ukiichunguza kinga inayolalamikiwa, mara nyingi ni ile ya saizi moja kwa watu wote. Haishiki meno, hivyo mvaaji huing'ata muda wote isidondoke, na aliyeuma meno atasemaje? Ile inayolainishwa kwa maji ya moto kisha ikang'atwa ili ifuate umbo la meno ni afadhali, ingawa wengi huing'ata kupita kiasi ikawa nyembamba palepale panapohitaji unene. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha mdomo wa mhusika. Hiyo hutulia, na mtu huongea nayo. Tatizo lake ni bei, na kwa mtoto ambaye meno bado yanaota gharama hujirudia. Kwa mtoto huyo naona ile ya kulainishwa, ikibadilishwa mara inapoacha kukaa sawasawa, ni bora kuliko kusubiri ya daktari huku akicheza bila kinga.

Je, inasaidia kweli? New Zealand iliifanya lazima katika raga mwishoni mwa miaka ya 1990. Kati ya 1995 na 2003, madai ya fidia kwa majeraha ya meno yaliyotokana na raga yalipungua kwa 43%. Hata tukikubali kwamba mambo mengine yalichangia, punguzo hilo ni kubwa, na jino la kudumu likishang'oka halioti lingine.

Lakini watetezi nao hupitiliza wanapodai kwamba kinga huzuia mtikisiko wa ubongo. Ushahidi wa hilo bado unabishaniwa, na dai hilo ni la hatari kwa sababu humpa kijana ujasiri wa kuingiza kichwa asipopaswa. Akigongwa kichwani na kuonyesha dalili, atolewe, awe ameivaa au hajaivaa.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani, kwangu, ni uchafu. Kinga ikikwaruzika, bakteria na fangasi hujificha kwenye mikwaruzo, na kingo zilizochakaa huchubua ufizi. Hapo kifaa cha kulinda kinywa kinakiumiza. Hata hivyo hili linazuilika kwa kazi ya dakika chache: isuuzwe kwa maji baridi mara inapotolewa, isuguliwe kwa mswaki na sabuni isiyo kali, ikauke, ihifadhiwe kwenye kasha lenye matundu. Jua kali na maji ya moto huipotosha umbo. Isiazimwe, hata kwa ndugu.

Kwa hiyo kocha anayehakikisha kila mchezaji ameivaa asiishie hapo. Aitake mkononi, aitazame, na iliyopasuka au kutafunwa ibadilishwe kabla ya mechi.