Ipoze Kabla ya Kuikimbiza: Kompyuta ya Michezo katika Joto la Malindi

Ukifungua kompyuta iliyokaa mwaka mmoja karibu na dirisha linalotazama bahari hapa Malindi, utakuta pezi za alumini zinazopoza prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, zimeota unga mweupe, na shaba iliyo karibu nazo imeanza kugeuka kijani. Vumbi lililolowa chumvi hugandamana na mabawa ya feni kama utando, na ikiwa nyumba imeezekwa makuti, juu ya vumbi hilo huwa pana chembechembe za makuti zilizodondoka usiku na mchana. Nimefungua nyingi za namna hii, zangu na za majirani, na ndiyo sababu kila kijana anaponiuliza jinsi ya kuifanyia ovakloki kompyuta yake ya michezo, yaani kuikimbiza prosesa kupita mwendo iliopangiwa kiwandani, kwa fedha kidogo, jibu langu halibadiliki: katika mji huu fedha za mwanzo ni za umeme na za kupoza, na ovakloki ikae mwisho kabisa, tena kwa wengi wetu haina haja ya kufikiwa.

Siisemi ovakloki kwa chuki, kwani ilikuwa na siku zake, na siku hizo zilikuwa njema kwa mtu asiye na fedha. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, iliyopangiwa mwendo wa megahezi 300. Mwendo huo ulipatikana kwa kuzidisha megahezi 66 za madabodi, ile bodi kubwa inayobeba vifaa vyote, mara nne na nusu. Aliyekuwa na madabodi inayokubali alipandisha zile 66 zikawa 100, na prosesa ile ile ikakimbia kwa megahezi 450, karibu sawa na prosesa za bei kubwa za wakati ule. Ongezeko la nusu nzima, bila kununua kitu! Uwekevu wa namna hiyo haupo tena, kwa kuwa viwanda vimejifunza kuichukua akiba ile wenyewe. Tangu mwaka 2008, Intel ilipoleta Turbo Boost katika prosesa zake za mezani, prosesa hujiongezea mwendo yenyewe kila inapoona joto na umeme vinaruhusu, na kinachosalia kwa mtumiaji ni kidogo sana. Ili ukipate hicho kidogo kwa upande wa Intel huna budi kununua prosesa yenye herufi K, madabodi ya daraja la Z, na kipoza kikubwa kuliko kile cha kawaida. Jumlisha tofauti ya bei ya vitu hivyo vitatu, kisha uulize fedha hizo zingekuongezea nini katika kadi ya michoro. Mimi nimeshafanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara kadi ya michoro imeshinda.

Vijana wengi wa hapa, hata hivyo, hawaanzi na vitu vipya. Huanza na kompyuta ya mitumba iliyotoka katika ofisi za Ulaya, kama vile Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha huitia kadi ya michoro. Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote, mradi mtu ajue anachonunua. Prosesa kama Core i5-4570 ya mwaka 2013, ambayo bado huonekana katika kompyuta hizo, imefungwa mwendo wake, na hakuna mpangilio wa bayosi, ile programu ya ndani ya madabodi, utakaoifungua. Pawasaplai zake, yaani visanduku vinavyogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ndogo, nyingi hazifiki wati 300, na baadhi zina plagi ya umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kwa yoyote unayoikuta dukani. Kadi inayofaa hapo ni ile inayokula umeme wote kutoka katika tundu lake la madabodi, ambalo kikomo chake ni wati 75. GTX 1050 Ti na zile GTX 1650 zisizo na plagi ya ziada ni mifano mizuri. Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo na atafute kompyuta yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018, kwani ina koo sita, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa, na inakubali Windows 11, jambo ambalo zile za mwaka 2013 hazitimizi.

Sasa nirudi kwenye joto, maana hapo ndipo mafunzo ya video tunayoyatazama yanapotupoteza. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawia na mwendo wake, lakini hupanda kwa mraba wa volti zake. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, na ili isitetereke ukalazimika kuongeza volti kwa asilimia 10, matumizi hayapandi kwa asilimia 10 wala 20, bali kwa asilimia 33. Prosesa iliyokuwa ikila wati 90 sasa inakula karibu 120, na wati zote hizo hugeuka kuwa joto linalotakiwa kuondolewa na feni. Feni nayo haiumbi baridi. Huchukua hewa ya chumbani na kuipitisha juu ya chuma cha moto. Yule anayetuonyesha ovakloki akiwa katika chumba chenye nyuzi 20 ana nyuzi kumi na zaidi mkononi ambazo sisi, katika kaskazi ya Februari na Machi, chumba kikiwa nyuzi 32 au 33, tumeshazipoteza kabla hata ya kuiwasha kompyuta.

Mpwa wangu aliyaona haya kwa macho yake. Alikuwa na Ryzen 5 2600 ya kampuni ya AMD, prosesa nzuri ambayo kama Ryzen nyingine za mezani za wakati wake haikufungwa, juu ya madabodi ya B450 inayoruhusu kuongeza mwendo. Mwezi wa Februari akaipandisha hadi gigahezi 4.1 kwenye koo zote sita, akaongeza volti, na kwa siku kadhaa akafurahi. Kisha kompyuta ikaanza kujizima katikati ya mchezo. "Mjomba, prosesa hii ni mbovu," akaniambia. Haikuwa mbovu. Kasha lilikuwa limesukumwa kwenye pembe ya ukuta, chini ya dirisha, na pawasaplai yake haikuwa na jina la maana. Ilikuwa imebandikwa karatasi ya wati 500, lakini ukiiinua mkononi ilikuwa nyepesi kama kasha tupu. Kabla hatujaibadilisha, stima ilipotea jioni moja, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena na kurudi ndani ya dakika ileile. Pawasaplai ikatoa harufu ya kuungua, na haikwenda peke yake, bali iliondoka na madabodi.

Nilisikitika sana, kwa sababu fedha zile alikuwa amezikusanya kwa mwaka mzima wa kazi za likizo, na tofauti ya bei kati ya pawasaplai ile na nyingine ya kweli ilikuwa ndogo kuliko bei ya madabodi aliyoipoteza. Tangu siku hiyo nimekuwa mkali juu ya jambo hili. Alama ya 80 Plus inayobandikwa kwenye pawasaplai ina maana inayohesabika: umeme usiopungua asilimia 80 wa ule unaoingia hufika kwenye vifaa vya kompyuta, na usiozidi asilimia 20 hupotea kama joto. Kompyuta ikihitaji wati 300, pawasaplai ya kiwango hicho huvuta takribani 375 ukutani, na zile 75 za ziada hubaki chumbani mwako. Iliyo duni kuliko hapo huvuta zaidi, hukupikia chumba, na humaliza tokeni mapema. Basi tukanunua pawasaplai ya kiwango hicho na madabodi nyingine, na mbele yake tuliweka kile kikinga-umeme ambacho watu hukifunga kwenye friji, kinachosubiri dakika kadhaa baada ya stima kurudi ndipo kiiachilie. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, nami sijui kwa nini tunalilinda friji na kuisahau kompyuta.

Baada ya umeme, kasi nyingine tuliyoipata ilikuwa ya bure au karibu na bure. Alikuwa na kijiti kimoja cha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, cha gigabaiti 8. Tukaongeza cha pili kinachofanana nacho, na njia ya data ikawa mbili badala ya moja. Kisha tukaingia katika bayosi na kuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM mwendo wake ulioandikwa, maana vijiti vilivyoandikwa 3200 huanza kwa mwendo wa chini, mara nyingi 2133 au 2400, mpaka mwenyewe aseme. Katika Ryzen jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa hukimbia kwa kufuatana na mwendo wa RAM. SSD, ile hifadhi ya kasi ya mafaili, alikuwa nayo tayari. Hufupisha kungoja mchezo ufunguke, ila haiongezi fremu, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde.

Lililomshangaza zaidi ni kupunguza volti. Kadi yake ya michoro ni RX 580, iliyokadiriwa na AMD kula wati 185, na kama kadi nyingi hupewa volti nyingi kuliko inavyohitaji ili hata kipande kidhaifu kabisa cha kiwandani kisitetereke. Tukaishusha hatua kwa hatua kutoka milivolti 1150 hadi 1080, kila hatua tukiijaribu kwa mchezo mzito wa saa nzima. Feni zikapunguza kelele na joto likashuka kwa nyuzi nane. Fremu hazikupungua, na saa za mchana, wakati kadi ilipokuwa ikijirudisha nyuma kwa joto, ziliongezeka. Prosesa tuliirudisha katika mpangilio wa kiwandani, nayo hujipandisha yenyewe hadi gigahezi 3.9 inapopata nafasi.

Kompyuta ile sasa imehamia upande wa ndani wa nyumba, mbali na dirisha la bahari, imeinuliwa kwenye kibao juu ya sakafu, na zile nafasi tupu za nyuma tumezifunika kwa vibati vyake, maana mjusi kafiri akiingia na kulala juu ya madabodi ya moto hakuna ajuaye atakanyaga wapi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mpwa wangu huizima, huitoa uani, huifungua, na huipiga brashi kavu ya rangi pezi kwa pezi, huku akiishika feni kwa kidole isizunguke.